Pepa yangu imesinyaa, niitume hivyohivyo?

Mwezi huu barua zimejaa za vijana waliomaliza zile programu za kiangazi za usalama wa akili mnemba, na karibu wote wanauliza jambo moja: kazi nimefanya, miezi mitatu imeisha, sasa pepa, yaani makala ya utafiti, inatokaje? Nimechukua tatu. Ya kwanza ndefu kidogo ila sikuikata, mtaona kwa nini.

Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, niko Mbeya. Juni mpaka Agosti nilikuwa kwenye programu ya utafiti ya mtandaoni, wenyewe wanaiita ya kiangazi ila mimi mikutano yote nilikuwa naingia nimejifunga blanketi, unaijua Mbeya mwezi wa saba, halafu saa tatu asubuhi yao ya California huku kwetu ni saa moja usiku. Kazi yangu ilikuwa kupima kama modeli ya akili mnemba inakataa maswali ya hatari kwa Kiswahili kama inavyoyakataa kwa Kiingereza. Nikachukua maswali ya Kiingereza, nikayapitisha kwenye mashine ya kutafsiri, nikaiuliza modeli, halafu modeli nyingine ikawa ndo hakimu, inaamua kama ile ya kwanza imekataa au imekubali. Matokeo yakatoka makubwa, siku ya kuwasilisha nikapigiwa makofi na menta wangu akasema hii ni pepa.

Sasa juzi naandika nikasema ngoja niyasome majibu yenyewe kwa macho yangu. Dada nilitaka kulia. Kuna swali moja linauliza namna ya kufungua kufuli bila ufunguo, mambo ya wezi, na kwa Kiingereza hapo wanatumia neno lilelile la kuchagua kitu, "pick". Mashine ikatafsiri "nichagueje kufuli". Modeli ikajibu kwa upole kabisa: angalia chuma kiwe kinene, usinunue la bei ya chini sana, hakikisha linakuja na funguo mbili. Hakimu akaandika: imekubali kusaidia, ni hatari. Na siyo hilo moja, nilivyoendelea kusoma zaidi ya nusu ya zile "hatari" zangu zikadondoka, nyingine ni pumba tupu, nyingine modeli inarudia swali kwa maneno mengine. Zimebaki chache za kweli. Je, niitume hivyohivyo ilivyosinyaa, au niache mpaka nipate kitu kikubwa? Na nitume wapi? Menta nimemwandikia wiki ya tatu hii kimya. Halafu kuna jarida limeniandikia lenyewe kwenye imeili, linasema litachapisha ndani ya siku saba nikilipa, nifanyeje?

*Msomaji wenu, Mbeya*

Marahaba mdogo wangu. Hapo kwenye kufuli nimecheka mpaka mtu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini, halafu nikaacha kucheka maana ulichokifanya wewe peke yako usiku na blanketi lako, kuna watu wenye maabara na mishahara hawakukifanya.

Nikupe historia kidogo uone umesimama wapi. Mwaka 2023 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walitoa pepa wakionyesha kwamba ukitafsiri maswali ya hatari kwenda lugha zenye data chache, Kizulu, Kigaeli cha Scotland, Kihmong, Kiguarani, GPT-4, modeli ya kampuni ya OpenAI, inaacha kukataa, na mtu akijaribu hizo lugha kwa zamu anapita kwa asilimia 79 ya maswali. Walitumia mashine ya kutafsiri kama wewe. Pepa ikavuma, na kwa haki kabisa, maana walionyesha kwamba mafunzo ya usalama yalifanywa zaidi kwa Kiingereza halafu dunia nzima ikaachiwa mlango wazi. Mwaka uliofuata kikundi cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikajaribu kurudia sehemu ya Kigaeli, ambayo iliripotiwa asilimia 43, wakasoma majibu yenyewe, wakakuta modeli kweli haikukataa ila ilichokitoa ni maelezo ya juujuu yasiyomfikisha mtu popote. Kutoka hapo wakatengeneza kipimo chao kipya, StrongREJECT, na wakaonyesha kwamba mbinu nyingi za kuipenya modeli zinaipunguzia akili palepale, yaani inakubali kukusaidia lakini inakuwa imeshakuwa mjinga. Kutokukataa na kusaidia kufanya uovu ni vitu viwili.

Sasa wewe umegundua hilohilo kwa Kiswahili, na una kitu ambacho wao kwa Kigaeli hawakuwa nacho, unaisoma hiyo lugha bila mkalimani. Pepa haijasinyaa. Ile ya mwezi wa nane iliyopigiwa makofi ndo ilikuwa haipo, hii ndo pepa. Namba yako ya kwanza usiifiche, iweke kwenye ikisiri kabisa: hakimu wa mashine alisema hivi, tulipoyasoma wenyewe tukapata hivi, na tofauti imetoka hapa na hapa. Msomaji yeyote wa fani hii atasimama hapo.

Ila kabla hujatuma kuna kazi kama ya wiki mbili imebaki, na usiiruke. Kwanza wewe peke yako huwezi kuwa hakimu. Tafuta mtu mwingine anayejua Kiswahili vizuri, mwanafunzi mwenzako wa isimu hapo chuoni atakufaa, mpe majibu bila kumwonyesha wewe uliweka nini wala hakimu wa mashine alisema nini, agawe kwenye mafungu matatu: imekataa, imejibu kweli, imejibu pumba. Halafu pima mmekubaliana kiasi gani, kuna kipimo kinaitwa kapa ya Cohen, mistari miwili mitatu ya programu ya kompyuta, wahakiki watakiulizia tu. Mkitofautiana sana kwenye fungu la pumba usishangae, ni ishara kwamba hamjaelezana vizuri pumba ni nini, kaeni mwandike maelezo upya halafu mrudie kwa majibu mapya.

Pili, na hili ndo litaibeba pepa: chukua sehemu ya maswali, hata hamsini, uyatafsiri mwenyewe kwa mkono, ya kufuli yaandikwe kama Mswahili angeuliza, uyapitishe tena kwenye modeli ileile. Maana sasa hivi hujui kosa ni la nani. Modeli imejibu pumba kwa sababu haijui Kiswahili, au kwa sababu iliulizwa pumba? Inawezekana ukishalirekebisha swali modeli ikakataa vizuri tu. Inawezekana pia ikajibu kweli, na hapo tatizo linakuwa kubwa kuliko ulivyofikiri. Mimi sijui itatoka ipi na wewe hujui, ndo raha yenyewe. Soma pia kazi ya MultiJail ya 2023, walichukua maswali 315 wakayapeleka lugha tisa, Kiswahili kimo, na wao walitumia wenyeji wa lugha kutafsiri badala ya mashine. Una wa kulinganisha naye tayari.

Zile chache zilizobaki, za kweli, usizimwage hadharani na maneno yake yote. Waandikie wenye modeli kwanza, kampuni zina anwani za kupokea ripoti za namna hii, wape muda, halafu kwenye pepa weka mifano isiyo na madhara (kufuli linatosha, amini) na useme umeripoti. Wale wa Brown waliwaambia OpenAI kabla ya kutoa yao. Anayetoa pepa ya usalama kwa kugawa silaha mtaani hajaelewa jina la kozi aliyosoma.

Wapi utume. Anza na warsha. Watu wanaidharau warsha kwa sababu jina lake huku kwetu linanuka semina na posho, ila kwenye fani hii warsha ni sehemu ya ile mikutano mikubwa, NeurIPS, ICML, ICLR, zina wahakiki wake, kurasa nne mpaka tisa, na nyingi hazihesabiki kama uchapishaji wa mwisho kwa hiyo unaweza kuikuza pepa ileile ukaipeleka baadaye kwenye mkutano mkuu. Hiyo pepa ya Brown unayoisikia kila mahali ilitoka kwenye warsha ya NeurIPS 2023, ikapata tuzo ya pepa bora ya warsha. Kalenda ya mwaka inakwenda hivi kwa kawaida: NeurIPS yenyewe dedlaini Mei na warsha zake mwishoni mwa Agosti hivi, ICLR mwishoni mwa Septemba na warsha zake kwenye Januari au Februari, ICML mwisho wa Januari. Wewe uliyemaliza Agosti usikimbizane na ya Septemba, hamsini zako hujatafsiri. Lenga za mwanzo wa mwaka. Na kuna AfricaNLP, warsha ya lugha za Kiafrika inayofanyika tangu 2020, hiyo hutalazimika kueleza kwa kurasa mbili Kiswahili ni nini.

Halafu sikiliza hili la saa maana limeniponza. Dedlaini nyingi zimeandikwa AoE, maana yake popote duniani ambapo siku bado haijaisha, kwa hesabu yetu ni karibu saa tisa mchana wa siku INAYOFUATA. Mimi pepa yangu ya kwanza niliituma saa tano na dakika hamsini usiku mikono inatetemeka, na jedwali moja limekatika katikati, kumbe nilikuwa na masaa kumi na tano mbele yangu. Upande wa pili, OpenReview, ule mfumo wanaopokelea pepa, ukifungua akaunti kwa imeili ya kawaida badala ya ya chuo wanaweza kukaa nayo mpaka wiki mbili ndo waikubali. Fungua leo. Kama chuo kilikupa imeili ukaisahau nenda ofisi ya kompyuta ukaidai, pole kwa foleni.

Wakati unasubiri warsha weka pepa kwenye arXiv, tovuti ya kuweka pepa wazi kabla hazijahakikiwa, hailipiwi hata senti, ipo tangu 1991 na kwa miaka mingi imetunzwa na Chuo Kikuu cha Cornell. Mara ya kwanza utaombwa mtu wa kukudhamini, mtu ambaye ameshaweka pepa zake kwenye fani hiyohiyo, mfumo unakupa namba fupi ya siri unampelekea yeye anaiingiza basi, hahitaji kuihakiki kazi yako, anathibitisha tu kwamba wewe ni mtu wa fani na siyo mwendawazimu. Menta wako angefaa. Tuma faili zenyewe za LaTeX, ile programu ya kupangia pepa, ukituma PDF iliyotoka kwenye LaTeX wanairudisha. Na jua kwamba ikishatangazwa haifutiki, unaweza kuweka toleo la pili na la tatu, unaweza hata kuiondoa, ila toleo la kwanza litabaki linasomeka milele na jina lako juu. Ndo maana nakwambia jedwali lisikatike.

Hilo jarida la siku saba, futa hiyo imeili. Mimi niliwahi kulipa. Nilikuwa na haraka ya kuweka kitu kwenye CV nikatuma hela ya kodi ya nyumba ya miezi miwili, pepa ikatoka na jina langu limekosewa, na mpaka leo kwenye CV hiyo mistari naiacha nje. Uhakiki wa kweli hauishi kwa siku saba, na mkutano wa maana haukuandikii kukusifia kabla hujautumia kitu.

Kuhusu menta. Kimya cha wiki tatu baada ya programu kuisha ni kawaida, si chuki, kapokea kundi jingine. Umemwandikiaje? Nina uhakika umeandika "naomba maoni yako ukipata nafasi". Hatapata nafasi. Andika: nimeambatisha rasimu, tarehe fulani naituma warsha fulani, nahitaji kutoka kwako mambo mawili, kwanza unakubali jina lako liwemo, pili soma ukurasa wa kwanza tu. Nakala kwa mratibu wa programu. Mtu aliyeshiriki kazi humwondoi kimyakimya, na humuingizi bila ruhusa yake, kwa hiyo ni lazima ajibu, na barua yenye tarehe na maswali mawili hujibiwa. Mweleze na habari ya kufuli waziwazi, kwamba namba aliyoipigia makofi imeanguka na kwa nini. Naona hilo ndo linakuogopesha kuliko kimya chake.

Dada, salamu kutoka Eldoret. Sisi tulikuwa watatu kwenye project moja ya hizo programu. Mimi nilifanya experimenti zote, mwenzangu aliandika, wa tatu alikuja mikutano miwili akapotea, sasa pepa iko karibu amerudi anataka jina lake liwe la pili. Menta anasema tuelewane wenyewe. Nani anaingia na nani anatangulia?

*Aliyechoka*

Pole. Kwenye fani hii wa kwanza ni aliyebeba kazi kubwa, wa mwisho mara nyingi ndiye menta, na wa katikati wanapangwa kwa uzito. Wewe na mwandishi mnaweza kuwekewa nyota ya "mchango sawa", inakubalika na inatumika sana, mkishindwa kupanga nani atangulie rusheni shilingi, kuna pepa nyingi tu zimeandika hivyo chini ya ukurasa.

Wa tatu msimfukuze kwa hasira wala msimpe jina kwa huruma. Fungueni karatasi moja mwandike kila mtu alifanya nini, wazo, data, programu za kompyuta, majaribio, uandishi, na yeye ajaze sehemu yake kwa mkono wake. Akiona nafasi yake imebaki tupu mwenyewe atajua, wengi huomba kuhamia kwenye sehemu ya shukrani bila ugomvi. Na akitaka kweli kuingia, kazi ipo: mpeni viambatisho vyote avihakiki na marejeo yote ayafungue moja moja aone kama yapo kweli, maana siku hizi watu wanaachia akili mnemba iwaandikie marejeo na inabuni pepa ambazo hazijawahi kuandikwa. Hiyo ni kazi ya siku tatu na ikiharibika inawaaibisha nyote. Na jamani kama mlitumia modeli kuandika, semeni mlivyoitumia, lakini msiiweke kwenye orodha ya waandishi, arXiv hawakubali, haiwezi kuwajibika kwa kitu.

Menta aliyesema muelewane wenyewe mwambieni, kwa adabu, kwamba hili alitakiwa alipange wiki ya kwanza.

Habari za kazi. Mimi niko Dar. Pepa yangu ya kwanza baada ya programu imekataliwa na mkutano mkubwa. Wahakiki watatu, mmoja kaipenda, mmoja kaandika mistari minne, wa tatu kasema "kazi imefanywa kwa Kiswahili tu, mchango ni mdogo". Nimekata tamaa, nahisi labda fani siyo yangu.

*Msomaji, Kinondoni*

Salama. NeurIPS ya 2025 walipokea pepa 21,575 wakakubali 5,290, kama robo hivi, kwa hiyo robo tatu ya waliotuma walipata barua kama yako siku moja, na humo wamo maprofesa wenye mvi.

Lakini nikwambie kingine. Mwaka 2014 waandaaji wa mkutano huohuo walifanya jaribio, wakachukua pepa 166 wakazipeleka kwa kamati mbili tofauti bila kamati kujuana. Zaidi ya nusu ya pepa ambazo kamati moja ilizikubali, ile nyingine ilizikataa. Wakarudia mwaka 2021 kwa pepa 882, hali karibu ileile. Yaani pepa mbovu sana zinajulikana, nzuri ajabu zinajulikana, hizi za katikati kama yako na yangu ni nani kakuangukia na aliamkaje siku hiyo.

Huyo wa mistari minne achana naye. Wa tatu amekukera na amenikera na mimi, maana aliyefanya kazi kwa Kiingereza tu haulizwi mbona Kiingereza tu. Lakini soma tena, kuna kitu amekupa bila kujua: hakuona kwenye ukurasa wako wa kwanza kwa nini jambo hili linamhusu yeye. Kuna sentensi moja inakosekana pale, inayosema kuna watu zaidi ya milioni mia wanaotumia lugha hii, na kwamba kinga isiyofanya kazi kwa lugha yao ni kinga iliyopimwa nusu. Iandike, weka juu, peleka warsha ijayo. Na huyo aliyeipenda nakili maneno yake yote, sehemu aliyosema ni nzuri ndo ianze.

La viza hujaniuliza ila utaniuliza ukikubaliwa. Omba barua ya mwaliko siku ileile ya kukubaliwa, omba msaada wa fedha siku hiyohiyo, na usinunue tiketi kabla ya viza. Mwaka 2018 mkutano ulipokuwa Montréal watafiti wengi wa Kiafrika waliokuwa waende kwenye warsha ya Black in AI, kundi la watafiti weusi wa akili mnemba, walinyimwa viza za Kanada, hasira zile ni sehemu ya sababu watu walishinikiza ICLR ije huku, ikapangwa Addis Ababa 2020 korona ikaivuruga ikawa ya mtandaoni, mpaka Mei 2023 ikafanyika Kigali na watu wakaenda kwa basi. Deep Learning Indaba, mkusanyiko wa watafiti wa Kiafrika wa fani hii, nayo huwa ni Afrika kila mara, unapeleka bango lako unasimama nalo, unaulizwa maswali na watu wanaojua unachosema.

Msomaji wa Mbeya, ukipata namba ya arXiv nitumie. Kufuli naliomba liwe kwenye jedwali la kwanza.